Kichuguu Kinafanya Kazi Gani? Kutoka Wazo la Asili hadi Ramani Inayojengeka

Mhadhara wa wazi, Mpanda, Katavi



Nimeombwa nizungumzie jambo linalowasumbua karibu wanafunzi wote wa fani yetu ya ubunifu majengo, wawe Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Mwalimu anasema: chota wazo lako katika maumbile. Mwanafunzi anarudi na kichuguu, sega la asali, mbuyu, jani, gamba la kobe. Mchoro unapendeza, darasa linaushangilia. Baada ya muda anaulizwa ukuta una unene gani, maji ya mvua yanakwenda wapi, kenchi zinakaa juu ya nini, nani atajenga na kwa vifaa gani. Hapo ndipo wazo linapoanza kufa, na nimeliona likifa kwa namna mbili. Kuna linalobaki sanamu: jengo lina sura ya kichuguu kwa nje, ndani watu wanatokwa jasho. Na kuna linalotupwa kabisa: mwanafunzi anachora boksi alilolizoea, na kichuguu kinabaki kwenye ukurasa wa jalada.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnibane nao wakati wa maswali. Ukiingia porini kutafuta wazo, chukua kazi inayofanywa na kiumbe au mti. Umbo liache kwanza. Halafu ishushe kazi hiyo hatua kwa hatua, mpaka ifikie kipimo ambacho fundi wa hapa Mpanda anaweza kukipima kwa futi yake na kukijenga kwa vifaa vinavyopatikana dukani na machimboni. Wazo lisilofika kwenye futi ya fundi bado halijawa ubunifu majengo.

Tuanze na jengo ambalo wengi wenu mmeliona. Soko Kuu la Kariakoo lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kufuzu ubunifu majengo, na likafunguliwa mwaka 1975. Wazo lake lilitoka kwenye gulio la kijijini, ambako watu huuza na kununua chini ya mti. Amuli hakuchora mti wenye matawi na majani. Alitazama mti wa gulioni unafanya nini: unasimama kwa mguu mmoja na kuacha nafasi chini yake, unatandaza kivuli kipana, hewa inapita pande zote. Akajibu kwa zege. Nguzo zinapanda na kufunguka juu kama miamvuli iliyogeuzwa. Kivuli kinapatikana, hewa ya moto inapata pa kutokea, na mvua inayonyesha juu ya miamvuli ile inakusanywa na kuteremshwa hadi kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi.

Kuna jambo moja kuhusu miamvuli ile ambalo nawaomba vijana mlishike. Uso wake umepinda, lakini ni ule upindo ambao hisabati inaturuhusu kuupata kwa mistari iliyonyooka. Maana yake seremala anaweza kutengeneza fomu ya kumwagia zege kwa mbao za kawaida zilizonyooka, akizigeuza kidogo kidogo, bila kupinda ubao hata mmoja. Kati ya maumbo yote ambayo yangeweza kufanya kazi ya mti, lilichaguliwa lile ambalo seremala wa Dar es Salaam ya miaka ya 1970 angeweza kulitengenezea fomu. Moto ulioliunguza soko hilo Julai 2021 uliniumiza sana kwa sababu hiyo: pale palikuwa na kitabu chetu cha kiada kilichosimama.

Sasa turudi nyumbani. Mkoa huu wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una walimu wengi wa porini. Hifadhi ya Taifa ya Katavi peke yake ina kilomita za mraba 4,471, na nje yake miombo inaendelea hadi Mlele na Inyonga kwa warina asali. Ukishika barabara ya Sitalike huwezi kukosa vichuguu. Watu wa hapa wanavijua kwa mambo mengi: udongo wake hufyatuliwa tofali na kukandikwa ukutani, juu yake hupandwa mahindi au maboga, na mvua za kwanza zikishika huota uyoga mkubwa mweupe. Uyoga ule ni kilimo cha mchwa wenyewe. Ndani ya kichuguu wana bustani za kuvu, wanazilisha majani makavu na vipande vya miti, na kuvu inawasagia chakula. Mamia ya maelfu ya mchwa pamoja na bustani zao wanapumua ndani ya udongo mgumu usio na dirisha.

Kwa muda mrefu wabunifu majengo waliambiwa kwamba kichuguu ni nyumba yenye kiyoyozi. Mwaka 1961 mwanasayansi wa Uswisi, Martin Lüscher, alieleza hivi: joto la mchwa na kuvu linapandisha hewa katikati hadi juu, hewa inapoa karibu na ukuta wa nje, kisha inashuka tena chini. Maelezo yale yalipendeza, na yakaingia katika shule za ubunifu majengo dunia nzima. Mwaka 1996, mjini Harare, lilifunguliwa jengo la Eastgate lililobuniwa na Mick Pearce akishirikiana na wahandisi wa kampuni ya Arup: majengo mawili ya ghorofa tisa yaliyounganishwa kwa ua wenye paa la kioo, na juu ya majengo hayo safu ya mabomba ya matofali ya kutolea hewa. Mpaka leo mwanafunzi akitaja kichuguu, anataja Eastgate.

Wakaja watafiti waliopima badala ya kukisia. Scott Turner na Rupert Soar, waliofanya kazi Namibia, waliandika mwaka 2008 kwamba hewa ndani ya kichuguu haizunguki kama ilivyosimuliwa. Kichuguu kinafanya kazi iliyo karibu zaidi na ya mapafu: upepo wa nje unakisukuma na kukivuta bila mpangilio, na hewa chafu inachanganyika polepole na hewa safi. Mwaka 2015 watafiti wengine, waliopima vichuguu nchini India, walionyesha kwamba jua nalo lina sehemu yake. Mchana kuta za nje zinapata joto haraka kuliko kiini, hewa inapanda pembeni na kushuka katikati. Usiku mambo yanageuka. Kuhusu joto la chumba cha mchwa, Turner alikuta linapanda na kushuka kufuata joto la udongo unaokizunguka, majira kwa majira. Kinacholizuia lisirukeruke kati ya mchana na usiku ni ardhi.

Vijana wangu, hapa ndipo penye kiini cha mhadhara huu, kwa hiyo nivumilieni nikikaa kidogo. Tulidhani kichuguu kinafanya kazi moja, kumbe zipo mbili na kila moja ina kiungo chake. Kubadilisha hewa ni kazi ya kile kilima kinachochomoza juu. Kutuliza joto ni kazi ya udongo mwingi ulio chini. Mwanafunzi anayechora bomba refu akitarajia ubaridi amezichanganya. Bomba halina ubaridi wa kumpa mtu. Ubaridi unatunzwa na vitu vizito: udongo, mawe, matofali, sakafu ya zege. Hapa Katavi tuna shahidi mwingine wa jambo hilo. Kiangazi kikikaza na mto Katuma ukabaki madimbwi, mamba wa hifadhini huingia kwenye mapango yaliyo katika kingo za mto na kukaa humo wakisubiri mvua. Hakuna bomba mle. Kuna udongo mnene tu, na udongo ukishuka kina cha kutosha unabaki karibu na wastani wa joto la mwaka mzima.

Eastgate yenyewe, ukiitazama kwa jicho hilo, inaeleweka vizuri zaidi. Sakafu zake ni za zege zito lenye nafasi za kupitisha hewa, na usiku feni hupitisha hewa nyingi ya baridi ili zege lipoe. Mchana zege lile linapokea joto la watu na mashine. Jengo lilifaulu ingawa hadithi ya kichuguu iliyolizaa ilikuwa na kasoro, kwa sababu wahandisi walihesabu. Na Harare, kama Mpanda, iko juu ya mwinuko wenye usiku wa baridi. Mbinu ileile ukiipeleka Dar es Salaam au Tanga, ambako usiku haupoi, haina pa kuchota.

Basi tuchukue mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyepewa kazi ya kubuni darasa la watoto 45 hapa Mpanda, naye amechagua kichuguu. Darasa lake lina upana wa mita 7 na urefu wa mita 9. Mchoro wake wa kwanza una mnara mnene wa udongo katikati, kuta zimejikunja, paa halionekani. Tusiufute. Tumuulize kazi mbili tulizozitenga: hewa utaibadilishaje, na joto utalitulizaje?

Hewa inahesabika. Chukueni mwinuko wa mita 5 kati ya tundu la chini linaloingiza hewa na tundu la juu linaloitoa, na hewa ya ndani iwe na joto linaloizidi ya nje kwa nyuzi 5. Nguvu inayoivuta hewa kwenda juu inakuwa chini kidogo ya paskali 1. Upepo mwepesi wa mita 3 kwa sekunde, ule unaotikisa majani tu, ukigonga ukuta unaleta karibu paskali 5. Mnaona wenyewe. Mchana wenye upepo, madirisha yanayotazamana pande mbili za darasa yanafanya kazi kubwa kuliko mnara wowote ambao mwanafunzi anaweza kuumudu. Tena saa nane mchana mwezi wa Oktoba hewa ya nje ina joto kuliko ya ndani, na mnara hauna cha kuvuta.

Saa ya mnara ni usiku. Upepo umetulia, kuta na sakafu bado zina joto la mchana, nje kumepoa. Mwinuko wetu huu, katika miezi ya kiangazi, unashusha joto la usiku kwa nyuzi kumi na zaidi chini ya lile la mchana. Hapo hewa baridi inaingia chini, inapita juu ya sakafu, inabeba joto na kutokea juu, mpaka alfajiri. Asubuhi watoto wanakuta kuta zilizopoa, na kuta hizo ndizo zinazowatuliza mpaka mchana. Kwa hiyo matundu haya lazima yakae wazi usiku shule ikiwa imefungwa, na hakuna mwalimu mkuu atakayeacha madirisha wazi usiku. Jibu ni matundu ya kudumu, membamba, yenye nondo, ambayo mwizi hapiti.

Membamba kiasi gani? Watoto 45 wakipewa kila mmoja lita 8 za hewa safi kwa sekunde, jumla ni lita 360. Kwa nguvu ile ya chini ya paskali 1, inahitajika takriban theluthi mbili ya mita ya mraba ya uwazi chini na kiasi hichohicho juu. Ukiutandaza uwazi huo kwenye ukuta wa mita 9 unapata mwanya wa sentimita 7 na nusu hivi. Tofali la udongo na saruji la kufungamana, lile ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelieneza nchini, lina kimo cha sentimita 10. Tukiweka kozi ya matofali ya matundu, na nusu ya uso wake ndiyo iliyo wazi, zinahitajika kozi mbili. Kichuguu sasa kimekuwa kozi mbili za tofali juu ya sakafu. Fundi anaelewa. Mkadiriaji majenzi anaweza kuhesabu.

Na ule mnara wa mita 5? Ukuta wa darasa una kozi 30, yaani mita 3. Kenchi ya kukatiza upana wa mita 7 kwa mteremko wa nyuzi 25 inapanda mita 1.6 zaidi. Tukiinua kofia ya kilele kwa sentimita 60 ili hewa itokee pembeni yake, kutoka tundu la chini hadi kilele tumepata karibu mita 5. Mwinuko tulioutafuta ulikuwa ndani ya paa tangu mwanzo. Dari iachiwe mwanya katikati, kilele kiinuliwe, basi. Mwanafunzi wetu ataumia kidogo kuuacha mnara wake, namwelewa, lakini kazi ya kichuguu imebaki nzima.

Kuna sababu nzito zaidi ya kuuacha. Desemba 13, 1910, nchi ya Rukwa ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.4, miongoni mwa makubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Afrika Mashariki katika karne iliyopita. Desemba 2005 jingine la 6.8 lilitokea Ziwa Tanganyika. Tunaishi kwenye Bonde la Ufa. Mnara mwembamba wa udongo au tofali usio na nondo, juu ya vichwa vya watoto 45, sitausaini hata mchoro wake upendeze vipi. Kuta zetu zifungwe na mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka jengo zima kwenye usawa wa lenta, kenchi zifungwe kwenye mkanda huo, na kinachochomoza juu ya paa kiwe chepesi: mbao na bati.

Kutuliza joto kunaanza na kulizuia lisiingie, na hapo jua letu ni jepesi kulijua. Mpanda iko karibu nyuzi 6 na dakika 21 kusini mwa Ikweta. Adhuhuri ya Juni 21 jua linakaa upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho. Desemba 21 linakaa upande wa kusini, nyuzi 73. Darasa likilazwa kutoka mashariki kwenda magharibi, upenu wa mita 1.2 unatupa kivuli cha mita 2 kwenye ukuta wa kaskazini mwezi Juni, na unauziba ukuta wa kusini wote mwezi Desemba. Ukuta wa magharibi usiwe na dirisha. Jua la saa kumi jioni linalala chini, upenu hauliwezi.

Upande huo wa magharibi nawashauri mpande mti, na muuchore kwenye ramani kwa kipimo. Miombo ina tabia ambayo wageni huishangaa: inachipua majani mapya, mekundu na ya rangi ya shaba, kabla mvua hazijaanza, Septemba na Oktoba, wakati joto limefika kilele. Kivuli kinarudi pale hasa kinapohitajika. Mti wa mtundu uliokuwepo kiwanjani kabla ya ujenzi una thamani kuliko mti wowote utakaopandwa siku ya uzinduzi, na inaniuma kuona viwanja vya shule vinasafishwa kwa greda mpaka udongo mtupu halafu miche inatengewa bajeti. Upenu wetu mpana unaleta pia faida ya Kariakoo: paa la mita za mraba 100, tukikadiria mvua ya milimita 900 kwa mwaka, linapokea lita 90,000. Hata tukipoteza sehemu ya tano, shule ina maji ya kunawa kwa miezi ambayo bomba limekauka. Yote yanakuja kati ya Novemba na Aprili, kwa hiyo tangi liingie kwenye ramani sasa, lisisubiri ufadhili.

Niseme kidogo juu ya sega, maana najua katika mkoa wa asali wapo watakaolichagua. Wanafunzi wanapenda darasa la pembesita. Kuliweka kiwanjani ni rahisi ajabu: kigingi kimoja na kamba, kwa kuwa upande wa pembesita ni sawa na urefu wa kamba kutoka katikati. Shida inaanza kwenye kona. Tofali letu limezaliwa na pembe mraba, na mafundi wanaitafuta pembe mraba kwa kamba ya tatu, nne, tano wakiwa wamefumba macho; kona ya nyuzi 120 inataka kila kozi ikatwe tofali, na bati la kila upande likatwe mshazari. Je, tunapata nini? Mwaka 1999 Thomas Hales alithibitisha kihisabati kwamba pembesita ndilo umbo linalogawa eneo katika vyumba vilivyo sawa kwa kuta fupi kuliko zote. Lakini nyuki anafaidi kwa sababu kila ukuta wa nta unatumiwa na vyumba viwili. Hesabuni: madarasa mawili ya mita 7 kwa 9 yaliyosimama mbalimbali yana kuta za mita 64. Mawili ya pembesita yenye eneo lilelile, yakisimama mbalimbali, yana mita 59. Na yale ya kawaida yakishirikiana ukuta mmoja yana mita 57. Pembesita mbili zikigusana zinashuka hadi 54, ni kweli. Kona zake ndizo zitakazoila akiba hiyo. Safu ya madarasa yanayoshirikiana kuta tayari imebeba somo kuu la sega.

Sasa udongo, kwa kuwa yote niliyosema yanasimama juu ya tofali. Tofali la kuchoma ni zuri, lakini tanuru linameza magogo ya miombo, na mkoa umekwishapoteza miti ya kutosha. Saruji inatoka mbali na bei yake inaonyesha safari hiyo. Ndiyo maana napendelea tofali la udongo lenye saruji kidogo, lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Kidogo kiasi gani, udongo wenyewe utasema. Tengenezeni kisanduku cha mbao chenye urefu wa ndani wa sentimita 60, upana na kina cha sentimita 4, kipakwe mafuta ndani. Jazeni udongo uliochekechwa na kulowekwa ukawa laini, uacheni ukauke. Utasinyaa na kuachana na ncha. Sukumeni vipande vyote upande mmoja, pimeni pengo. Likiwa chini ya milimita 15, ndoo moja ya saruji kwa 18 za udongo inatosha. Kati ya 15 na 30, moja kwa 16. Kati ya 30 na 45, moja kwa 14. Kati ya 45 na 60, moja kwa 12. Likizidi hapo udongo una mfinyanzi mwingi mno, changanyeni mchanga mpime upya. Udongo wa kichuguu mara nyingi utaangukia huko juu. Ndiyo maana unashikana vizuri kwenye sakafu na kupasuka kwenye tofali. Tofali zikitoka mashineni zifunikwe na kumwagiwa maji siku saba, zikae mwezi kabla ya kubebeshwa mzigo. Mwanafunzi anayeleta ramani ya jengo la Mpanda bila kuleta pengo la kisanduku hiki amebuni jengo la mahali asipopajua.

Namalizia na wenyeji wawili ambao hatukuwaalika. Wa kwanza ni mchwa yuleyule. Ana kazi nyingine porini, ya kula mbao kavu, na hatatofautisha gogo na fremu ya mlango. Mninga wenye moyo mwekundu anaushindwa, lakini mninga umekatwa sana, na mkurungu nao umepitia mikono ya wafanyabiashara mpaka ukawa adimu. Andikeni mbao za misonobari zilizotiwa dawa, inueni msingi angalau sentimita 30 juu ya ardhi, na msiache mbao yoyote iguse udongo. Ukuta wa msingi uonekane, usifunikwe kwa maua wala kifusi, ili mlinzi aione njia ya tope mchwa anapoanza kupanda.

Wa pili ni nyuki. Katika mkoa huu uwazi wowote wenye giza, mkavu, ulioinuka juu na wenye tundu dogo mbele yake ni mzinga. Kofia yetu ya kilele ina sifa zote hizo. Kundi likihamia juu ya dari ya watoto 45, shule inafungwa siku hiyohiyo. Wavu wa matundu ya milimita 3 unamzuia nyuki na popo pia, na hewa inapita bila taabu kubwa. Chini, kwenye zile kozi mbili, kuna mbu, na wavu wa mbu una matundu madogo zaidi. Unakata hewa kwa kiasi ambacho hesabu yetu ya mwanzo haikukiona, na vumbi la kiangazi linaukata zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anarudi kwenye mchoro wa kipimo cha 1:20, anafuta kozi mbili na kuchora nne, anaweka wavu kwenye fremu inayofunguka kwa ndani ili mtu aweze kuupangusa, anapandisha kizingiti cha dirisha kwa sentimita 20 kupisha kozi zilizoongezeka, kisha anaanza upya kuhesabu upana wa uwazi wa kilele.